Grafu Imechorwa, Ila Haionekani

Mimi hitilafu yenye kelele naiheshimu. Pikipiki ikiharibika hapa Gisenyi, Rwanda, mtaa mzima unapata habari: inakohoa, inatoa moshi, dereva anashuka na kuitukana pamoja na ukoo wake wote. Programu ya kuchora grafu haina ustaarabu huo. Unaiamuru ichore, unabonyeza, mshale unashuka mstari mmoja chini, basi. Hakuna grafu wala samahani. Ukichunguza kama imemaliza kazi, imemaliza, tena kwa mafanikio. Imechora nini na imechorea wapi, hayo hayakuhusu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ushirika mmoja wa wavuvi upande wa Rubona uliniomba niwachoree kilo za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za vikundi vyao vitatu, usiku baada ya usiku, ili mwenyekiti amwonyeshe mfadhili wao mkutanoni. Sambaza wenyewe ni wageni katika Ziwa Kivu; waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa ndio wenyeji kuliko sisi. Huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeungwa pamoja. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwavuti tena, nyavu zinarudi nyepesi na bei ufukweni inapanda. Hilo mtoto yeyote wa Rubona atakuambia bure. Lakini mfadhili haelewi mtoto wa Rubona. Mfadhili anaelewa mstari unaopanda na kushuka.

Natumia Matplotlib, ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya lugha ya programu ya Python. Aliyeianzisha, John Hunter, alikuwa mtafiti wa ubongo huko Chicago. Alitaka kuyaona mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, na kazi yake akaitoa kwa umma mwaka 2003. Alifariki mwaka 2012. Sina ugomvi na marehemu, yeye alitaka watu waone. Ugomvi wangu ni na fundi aliyeniandalia hii laptopu, akapokea pesa yake na kuniambia, "Bosi, kila kitu kimo."

Kila kitu hakikuwemo. Ndani ya Matplotlib, anayechora na anayeonyesha ni wawili tofauti. Mchoraji anaitwa Agg, na yeye anajua kupaka rangi kwenye faili tu, mambo ya skrini hayamhusu. Ili grafu itokee mbele ya macho yako lazima awepo wa kufungua dirisha, kama Tk au Qt, na kwenye Ubuntu, mfumo wa laptopu yangu, huyo Tk haji pamoja na Python. Lazima umwite kivyake, kwa jina python3-tk. Asipokuwepo yeyote wa madirisha, programu haigomi. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018, inamkabidhi Agg kazi yote kimyakimya. Ukiomba kuonyeshwa, inatupa onyo la mstari mmoja, nalo linapita katikati ya maonyo mengine ambayo sidhani kama hata walioyaandika huyasoma.

Kabla hujayajua hayo, washauri wanajitokeza. Mpwa wangu: "Anko, zima uwashe." Jirani anayeuza kava za simu: "Hiyo ni virusi." Wa tatu, msomi kidogo, akanihamishia kwenye gnuplot, programu nyingine ya kuchora grafu, ambayo ipo tangu 1986 na kwa hiyo, alisema, ina busara za kizee. Kweli dirisha lilitokea, likaniangalia, likatoweka kabla sijasoma hata mhimili mmoja. Kumbe isipoambiwa neno "persist", gnuplot ikimaliza kazi huondoka na dirisha lake. Mzee gani huyo anayekuja kukusalimia na kuondoka na kiti?

Nikarudi kwenye Matplotlib, nikaamua kupakua huyo Tk. Kupakua kitu Gisenyi nako kuna elimu yake. Nilikaa upande wa nyumba unaoelekea mlimani, kwa sababu upande wa pili simu inadhani iko Goma, upande wa Kongo, inashika mtandao wa ng'ambo na kuanza kula salio kwa bei za ugenini. Tk akafika. Nikaagiza grafu ya kikundi kimoja kwanza, na dirisha likafunguka, pana na jeupe, lenye mihimili miwili mizuri. Na ndani yake, mstari mmoja mrefu ukipanda kutoka kona ya chini hadi kona ya juu bila kupumzika.

Nusura nishangilie. Kwa mujibu wa grafu ile, sambaza walikuwa wanaongezeka kila usiku, mwezi mpevu, mwezi mchanga, mvua, jua. Wavuvi walikuwa matajiri na hawajajulishwa.

Ndipo nikatazama namba za pembeni. Kutoka chini kwenda juu zilisomeka 41,5, kisha 12,0, kisha 38,2, kisha 9,7. Faili lilitoka kwa karani wa mnunuzi wetu wa Goma, anayepima samaki na kuandika kilo. Kompyuta yake inasema Kifaransa, na Kifaransa huandika kumi na mbili na nusu kwa mkato, 12,5. Yangu inasema Kiingereza, ambacho kinataka nukta. Kwa hiyo kila kilo aliyoivusha karani ilipofika kwangu haikuwa namba tena, ilikuwa maneno. Na Matplotlib ikipewa maneno haibishi. Inayapanga kwa zamu ya kuwasili kwake, la kwanza chini, linalofuata juu yake, na jipya jingine juu zaidi. Ukiipa orodha ya majirani zako itaichora ikipanda vilevile.

Kila siku maelfu ya watu hupita Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Gisenyi na Goma, na nyanya, unga, vitambaa na samaki, na wote hukaguliwa. Mkato haukaguliwi. Nikampigia karani, akajibu kwa upole wa watu wa Goma: "Grand, hapa kwangu inafunguka muzuri." Ndiyo, kwake inafunguka vizuri. Kwake hata mimi ningefunguka vizuri.

Dawa ni fupi mno hadi inaudhi: wakati wa kusoma faili, unaiambia programu si tu kwamba safu zinatenganishwa kwa nukta-mkato, bali pia kwamba desimali ni mkato. Maneno machache tu. Mistari mitatu ikaanguka mahali pake, ikashuka yote kwa pamoja kwenye usiku wa mwezi mkubwa na kupanda tena giza liliporudi. Ilipendeza. Nikampelekea mwenyekiti laptopu nyumbani kwake.

Mzee akaitazama kwa muda. "Hapa mwezi ulikuwa mpevu," akasema, akiweka kidole kwenye bonde.

"Ndiyo, Mzee."

"Hilo tunalijua, kijana wangu. Sasa hii itafikaje mkutanoni? Mfadhili anataka karatasi."

Kwa hiyo skrini yote ile haikuhitajika. Faili ndilo lilitakiwa, na faili ndicho kitu pekee ambacho Agg, yule mchoraji asiyejua skrini, alikuwa tayari kunipa tangu mwanzo, bila Tk, bila salio, bila mpwa.

Tulichapisha kwenye kibanda karibu na soko, ambako wino wa rangi ulikuwa umekwisha tangu juma lililopita. Bluu, nyekundu na kijani zikatoka kijivu, kijivu na kijivu. Mkutanoni karatasi ikazunguka mkono kwa mkono, na viongozi wa vikundi vyote vitatu wakakubaliana, kila mmoja kwa sauti ya juu kuliko mwenzake, kwamba mstari wa juu kabisa ni wake.