Muulize Mjomba Sumni: Sarafu, Safari na Majigambo

Kila Januari barua huja kwa fungu. Watu wamerudi likizo, mifuko ya suruali inalia, na kila aliyekanyaga uwanja wa ndege wa ugenini anataka kiti cha mbele kwenye kikao cha wakusanya sarafu. Nimejibu chache. Mlioniuliza bei mtanisamehe, mimi si dalali.

*Mjomba, shikamoo. Hapa Dar tunakutana Jumamosi, tunaagiza chai na vitumbua, tunafungua albamu. Kuna bwana mmoja hata chai haijamiminwa keshaanza: "Mimi nimefika nchi arobaini na saba." Qatar ameihesabu, na ninajua fika kwamba alikaa Doha saa tatu akingoja ndege ya Guangzhou. Mlangoni hakutoka. Juzi kaongeza Uturuki kwa njia hiyohiyo. Tumfanyeje?*
*Mwenye Nchi Mbili, Ilala*

Marahaba. Usimuulize amefika nchi ngapi, hilo ndilo swali analoliota. Muulize habari za chenji. Mtu aliyekaa mahali, akanunua maji, akapanda basi, akabishana nauli, anajua ni sarafu ipi inapokelewa na ni ipi mwenye duka akiiona anakutazama wewe usoni. Mgeni akinisimulia Tanzania, nitamwamini siku atakaposema alidai shilingi hamsini dukani akapewa pipi. Pipi hizo hazimo katika kitabu chochote cha sarafu.

Akidai alikuwa Harare mwaka 2012, muulize alilipa kwa nini na akarudishiwa nini. Wakati huo Zimbabwe walikuwa wameshaiacha dola yao wakatumia ya Marekani, noti zipo, sarafu hakuna. Mteja alirudishiwa randi za Afrika Kusini kama zilikuwepo, na kama hazikuwepo alipewa peremende, kalamu, au kikaratasi kwamba duka linadaiwa. Ndiyo maana Desemba 2014 benki kuu yao ilitoa zile sarafu za bondi za senti 1, 5, 10 na 25. Bwana wenu akitaja peremende au kikaratasi, mmiminie chai na mumsikilize mpaka mwisho. Akisema alirudishiwa senti za Zimbabwe zinazong'aa, mwondoleeni kitumbua.

Kuhusu Doha, tungeni sheria ya kikao. Ningekuwa mwenyekiti ningesema nchi haihesabiwi mpaka mtu awe amelipa kitu kwa mkono wake na akapunjwa japo mara moja. Basi la kutoka kwenye ndege kwenda jengoni halihesabiwi, kwa sababu halina nauli.

*Asalamu aleikum Mjomba. Mume wangu alinipeleka Muscat kwa kutimiza miaka kumi ya ndoa. Soko la Mutrah aliingia baada ya Alasiri akatoka Isha, mkononi kashika riyali moja kubwa ya fedha yenye picha ya mwanamke mnene, mwaka 1780. Mimi nilitoka na ubani. Sasa kila mgeni akija nyumbani anasimuliwa safari "yetu" na kuonyeshwa yule mwanamke. Nimechoka naye.*
*Mke Mdogo wa Sarafu, Mji wa Kale, Mombasa*

Waaleikum salaam, binti yangu. Usimwonee wivu, Maria Theresa wa Austria alifariki Novemba 1780. Riyali yake ndiyo iliyokataa kufa. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu waliizoea kwa sura ile na mwaka ule, wakawa ukiwaletea nyingine wanaigeuzageuza na kukurudishia. Kwa ajili ya watu hao Vienna waliendelea kuipiga, na mwaka hawakuubadilisha. Mpaka leo inapigwa na bado inasema 1780. Kwa hiyo mumeo akiwaambia wageni kwamba ameshika kitu cha zaidi ya miaka mia mbili, huenda ni kweli, na huenda kile kitu ni kidogo kwa umri kuliko ndoa yenu. Fedha ni fedha kweli, hilo simnyimi: gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1000 fedha ni 833.

Sasa dawa. Wanawake wa Oman tangu zamani huzivaa riyali hizo mikufuni. Sonara anailehemu pete ndogo juu ya kichwa cha bibi, inatungwa, inaning'inia kifuani. Subiri wageni wajae, hadithi ifike Mutrah, kisha useme kwa upole kwamba umeshaongea na sonara, na kwa kuwa safari ilikuwa yenu wote ungependa kuivaa. Mkusanya sarafu akisikia "lehemu" mwili wote humsisimka, maana sarafu ikiguswa na moto wa sonara wenzake hawaitaki tena. Usiku huohuo atakuuliza unataka bangili ya gramu ngapi. Usijibu haraka.

*Mjomba, shikamoo. Mimi fundi baiskeli. Sijawahi kuvuka mpaka wowote, hata Msumbiji ambayo ni ng'ambo ya Ruvuma tu. Babu aliniachia kopo la maziwa lenye sarafu za tundu za mkoloni, mojawapo ni senti 10 ya 1936. Wenzangu wanaokusanya wanaonyeshana yuro na yeni, wakifika kwangu wanauliza: "Na wewe ulitoka wapi na wapi?" Niache mchezo huu?*
*Wa Tundu, Mtwara*

Marahaba. Kwanza, hiyo ya 1936 isogeze dirishani. Usiisugue, wala usiitie ndimu. Soma maandishi yaliyozunguka tundu. Ukiona EDWARDVS VIII, vuta kigoda ukae.

Huyo ni mfalme aliyeshika kiti Januari 1936 na kukiachia Desemba ya mwaka uleule, kabla hata hajatawazwa, kwa sababu ya mwanamke aliyetaka kumwoa. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Zilizopigwa kwa majaribio ni chache mno, na ikitokea moja mnadani watu huitolea fedha ya kununulia nyumba. Lakini senti zetu 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, hapakuwa na mahali pa kuweka sura ya mtu, lilitakiwa jina tu. Zikapigwa, zikapakiwa melini, zikawa mikononi mwa watu. Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea nao walipata zao. Kwa hiyo Mwingereza anayetaka sarafu ya mfalme wake huyo, sarafu iliyonunua kitu kweli, lazima aitafute kwenye makopo ya watu kama babu yako.

Usiache baiskeli lakini. Zilipigwa kwa mamilioni na bei yake si ya kujengea.

Sasa igeuze. Kuna pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu. Angalia kama kuna herufi ndogo, H au KN. H ni kiwanda cha Heaton, KN ni cha King's Norton, na vyote vilikuwa Birmingham. Maana yake sarafu yako ilisafiri kwa meli kabla babu yako hajaiona. Na ilipofika haikutulia. Fedha hiyo ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar wakaingia mwaka huohuo wa 1936, baadaye ikatumika mpaka Aden. Nani ajuaye ilinunua nini kabla ya kuingia koponi? Watakapokuuliza umetoka wapi na wapi, jibu kwa niaba yake.

Wakizidi, wapeleke Kilwa, maana hiyo ni jirani yako. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, ndogo, nyepesi, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina kina kimoja, yaani ukigeuza sarafu unamalizia beti. Sijui nchi nyingine ambayo karakana ya fedha ilihitaji mshairi kiasi hicho. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Zimbabwe Kuu. Nyingine zilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1944 askari wa anga wa Australia, Maurie Isenberg, akiwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Akazitia koponi, naye, na zikakaa humo mpaka 1979 alipozipeleka kwa wataalamu. Zilifikaje huko, bado wanabishana: kwa meli ya Waarabu, ya Wareno, ya Waholanzi, kila mmoja ana meli yake. Bwana wa yuro amefika Australia? Shaba ya jirani yako imefika.

Onyo moja. Vijana wa ufukweni wakikuuzia sarafu ya Kilwa, iache. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na mkusanyaji anayeingia kituo cha polisi na albamu yake hurudi bila albamu.

*Mjomba, nimetoka Kigoma kwa treni hadi Tabora, makusudi kabisa, nikaione ile karakana iliyopiga dhahabu ya Mjerumani. Stesheni akanijia mzee mmoja na rupia 15 yenye tembo, alirithi kwa babu yake aliyekuwa askari. Nimeipata kwa elfu themanini. Wenzangu wananicheka. Wana husuda?*
*Mwenye Tembo, Kigoma*

Hapana, wana akili.

Safari yako ni ya heshima na historia umeipatia. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wameifunga bahari, fedha ya kutoka Ujerumani haifiki, wanajeshi na wachukuzi wanataka kulipwa. Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Wakapiga vipande kama 16,000 hivi vya rupia 15, tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Septemba jeshi la Wabelgiji likaingia mjini na biashara ikaishia hapo.

Sasa piga hesabu. Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu safi. Ni zaidi ya gramu tano. Ukiisahau historia, ukimsahau tembo, ukaiyeyusha tu, kilichobaki sufuriani ni zaidi ya milioni moja. Mzee anayekuachia kwa elfu themanini ama amekupenda kuliko wajukuu zake, ama zipo nyingine mfukoni. Ipeleke kwa sonara aiweke kwenye mizani, ulie mara moja yaishe. Nimeona katika kazi hii kwamba sarafu bandia daima huwa na babu. Halisi huwa na risiti.

Tiketi ya treni ni halisi lakini, nayo usiitupe. Iweke kwenye ukurasa mmoja na tembo wako, chini uandike kwa kalamu ya wino: stesheni ya Tabora, tarehe, elfu themanini. Ukiionyesha kikaoni watakucheka kwa dakika mbili, halafu kila mmoja atatoa ya kwake aliyoificha. Na ukirudi Tabora tafuta hela 20 za shaba zilizopigwa palepale mwaka uleule. Hizo zilikuwa nyingi, na hakuna anayejisumbua kuzighushi sana.

*Jambo sana Mjomba. Rafiki yangu amerudi na sarafu ya Somalia yenye umbo la gitaa, ya 2004, dola moja. Anaapa alirudishiwa chenji sokoni Mogadishu.*
*Mwenye Mashaka, Bukavu*

Magitaa hayo yalipigwa kwa ajili ya wakusanyaji, yanauzwa ndani ya kijaluba. Mogadishu watu wanalipana kwa simu, hata mwenye kibanda cha chai. Muombe akupigie wimbo.

*Mjomba, shikamoo. Nilikwenda Mombasa kwenye arusi ya mpwa wangu. Mwenye kioski alinirudishia sarafu moja ya shilingi 40. Nikaingia matatu ya Bamburi, nikaitoa, makanga akaichungulia akacheka: "Mathe, hii ni ya kasino?" Abiria wote wakanigeukia. Nimetapeliwa?*
*Mama Aliyeaibishwa, Tanga*

Marahaba, dada yangu. Hukutapeliwa. Ni fedha halali ya Kenya, ilitolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na huyo aliyemo ni Mzee Kibaki. Makanga wako pengine alikuwa bado ananyonya. Isitoshe, sarafu za kwao sasa hazina watu kabisa. Katiba ya 2010, ibara ya 231, ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na kuanzia Desemba 2018 wakaleta wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Kijana aliyekulia kwenye mbuga hiyo akiona uso wa binadamu lazima ashtuke.

Mshukuru aliyekurudishia. Wapo wakusanyaji waliozunguka Nairobi siku nzima wakiitafuta, wewe umeipata kwa kununua vocha. Ila nauli bado unadaiwa. Ukirudi Bamburi mpe kijana wa watu ndovu wawili, na Mzee abaki mkobani.