Hata Usingizi Wake Unakula Giga 3

Jirani, nisogezee hilo benchi nikae. Nimechoka, na uchovu wenyewe hauna ushahidi. Ukibeba magunia watu wanaona jasho, wanakupa pole. Ukisafisha diski ya kompyuta, mama watoto anapita na ndoo, anakutazama, anauliza: "Wewe tangu asubuhi umekaa tu?"

Sijakaa. Nafuta.

Kompyuta yenyewe unaijua. Ile ya mezani, mtumba wa Kariakoo, ambayo feni yake ikianza kulia watoto wanaongeza sauti ya TV. Siku hizi kona ya chini kulia kuna kijisanduku kinachomoza kusema diski inakaribia kujaa. Nakifunga. Kinarudi. Naandika barua ya kikundi, kinachomoza. Mgeni kakaa sebuleni tunamwonyesha picha, kinachomoza, mgeni anasoma kwa sauti. Imejaa nini? Mimi sina kitu. Ningekuwa na vitu vya kujaza mahali ningekuwa bado napanga vyumba viwili?

Kwanza nikagundua jambo. Diski niliuziwa giga 80. Nafungua kuangalia, imeandikwa 74. Mimi nikinunua kilo ya nyama naipima tena kwa mwingine, sembuse hii. Nikapanda daladala mpaka dukani. Nikasimama mlangoni, nikapaza sauti: "Giga 6 zangu ziko wapi?"

Kijana wa dukani akaniambia, "Shikamoo mzee." Hiyo shikamoo nayo sikuiomba. Akachukua karatasi. Akasema kiwandani giga moja ni baiti bilioni 1 kamili, lakini Windows inahesabu 1024 mara 1024 mara 1024. Kwa hiyo bilioni 80 zilezile, ukizigawa kwa hesabu ya pili, zinatoka 74 na nusu. Hakuna aliyekuibia mzee, ni mizani mbili. Nikamwambia muuza nyama wangu akiisikia hesabu hii tumekwisha. Wateja wakacheka. Mmoja akainuka akanipisha kiti. Hicho kiti kiliniuma kuliko giga 6.

Akaona nimenywea, akanifariji. Eti diski ngumu ya kwanza kabisa, ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, uzito wake kama tani nzima, na ilibeba megabaiti zisizofika 5. Yaani tani ya chuma, na wimbo mmoja wa Bongo Fleva unaweza usienee. "Wewe una utajiri, mzee." Nikarudi nyumbani tajiri, nimesimama kwenye daladala, begi la mtu usoni.

Basi nikaanza kazi. Nikaanzia kwenye vile vijipicha vilivyojaa kwenye skrini ya mbele, maana ndivyo vinavyoonekana. Nikavifuta vyote. Nafasi haikuongezeka hata chembe. Binti yangu wa sekondari akaja, akashika kichwa. "Baba, hizo ni shotikati. Umeng'oa kibao cha duka, duka lipo palepale." Sasa duka lipo ila hakuna anayelijua lilipo. Barua ya kikundi iko nusu, na programu ya kuiandikia mpaka binti atoke shule.

Kuna bwana mmoja pale kijiweni, anajua kila kitu, akanishauri nizipu. Ukizipu vitu vinabanwa, vinakuwa vidogo. Nikachukua folda ya nyimbo na folda ya filamu, nikaamuru zibanwe. Feni ililia usiku kucha. Asubuhi naangalia: folda mpya iliyobanwa ina ukubwa uleule, imepungua kiduchu cha kuona aibu kukitaja, na folda ya zamani bado ipo. Nimeongeza! Ule mstari wa diski uliokuwa mwekundu sasa umejaa mpaka ukingoni. Binti akasema nyimbo za MP3 na video za MP4 zilishabanwa tangu zinatengenezwa, zipu haikuti cha kubana, inafaa kwa maandishi. Yule bwana wa kijiweni nilipomfuata akasema inategemea. Inategemea nini, hakusema.

Nikahamia Downloads. Jirani, mle ndani kuna fomu moja ya kikundi nimeipakua mara zisizo na idadi, maana kila nikiitafuta siioni, napakua nyingine. Yenyewe inajiongezea namba kwenye mabano, mimi nazidi kupakua. Nikafuta zote. Nafasi? Ileile. Kumbe kile kipipa cha taka pale pembeni, nilichodhani ni urembo, hakitupi kitu. Kinatunza. Mpaka ukiamuru kimwagwe. Miaka yote hii nafuta, chenyewe kinapokea na kunyamaza. Nilikuta mpaka barua za kuomba kazi za enzi nina matumaini. Nikamwaga. Hapo ndipo nikaona giga mbili tatu zinarudi, nikapata kichwa, na kichwa ndicho kilichoniponza.

Maana binti alishanifundisha kwamba ukishika Shift ukaminya Delete, kitu hakipiti kwenye pipa. Kinakwenda moja kwa moja. Nikaupenda sana huo ufundi.

Sasa ndani ya mashine kuna sendofu ya shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, iliyokopiwa kutoka DVD. Na DVD ikikopiwa hivyo haiji faili moja. Inakuja vipande, kila kimoja kinakomea kwenye giga 1, majina yamefanana: VTS_01_1, VTS_01_2, VTS_01_3, hivyohivyo. Wewe jirani, ukiona vitu vinne, majina yamefanana, tarehe moja, ukubwa karibu sawa, utasemaje? Utasema nakala. Kila mwenye akili angesema nakala. Nikashika Shift.

Jumapili wakaja ndugu wa upande wa pili. Mama watoto akasema tuangalie sendofu. Ikawekwa. Bibi harusi mtarajiwa anaingia ukumbini, vigelegele, MC anakohoa kidogo, anasema "ndugu zangu..." na papo hapo watu wanaonekana wamebeba sahani. Ndafu tuliyoisubiri inatokea ikiwa mifupa. Keki hakuna. Utambulisho wa familia hakuna. Na mama mkwe, aliyecheza siku ile mpaka watu wakamtunza noti, hayupo. Kimya. Shemeji akaniangalia. Mama watoto akasema polepole, mbele ya watu wote: "Umemfuta mama."

Sikumfuta mama! Nilifuta VTS_01_2. Lakini hebu jaribu kujitetea kwa maneno hayo mbele ya wakwe.

Baada ya hapo nikapewa mwangalizi. Siruhusiwi kushika panya bila binti kuwepo. Nilipoiona folda inaitwa Windows, nzito kuliko zote, na mimi sikumbuki kuiweka, nikasema huyu ndiye mwizi. Binti alininyang'anya panya kabla sijamaliza sentensi. Eti hiyo ndiyo kompyuta yenyewe.

Yeye akafungua pale pa kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Likatokea faili moja, hiberfil.sys, karibu giga 3. Nikauliza la nani hilo? Akasema ni la usingizi. Kuna namna ya kuilaza kompyuta ambapo kabla haijazimika inaandika kwenye diski kila ilichokuwa inakifikiria, ili ikiamka iendelee pale ilipoishia. Na nafasi ya kuandikia huko imetengwa kabisa, hata kama hujawahi kuilaza hivyo. Kwenye Windows 7 kama hii yangu, inatengewa robo tatu ya RAM, na RAM ni giga 4. Yaani mimi nalala kwenye godoro lenye bonde katikati, mashine imewekewa giga 3 za kulalia, na haijawahi kulala! Huwa naichomoa ukutani.

Binti akafungua dirisha jeusi kwa mamlaka ya msimamizi, akaandika powercfg -h off, akaminya Enta. Hakuna mlio wala pongezi. Giga 3 zikarudi. Nimehangaika na daladala, nimezipu, nimegombana na ukoo, kumbe ni maneno matatu.

Nikatangaza ushindi jikoni. Mama watoto akaacha kukuna nazi. Akauliza nafasi imepatikana kiasi gani. Nikamwambia kwa kujidai. Akasema vizuri, basi kesho uende Mbagala kwa shemeji ukachukue DVD, ukopi sendofu yote upya, na kitchen party, na ile ya ubatizo ambayo hatukuwahi kuichukua.

Nimepiga hesabu. Haienei. Kwa mizani ya kiwandani haienei, kwa mizani ya Windows ndiyo kabisa. Sasa jirani, nasikia una flashi ya giga 32 imelala tu kwenye droo. Niazime. Binti atashika panya yeye, naapa. Ila mama watoto akipita hapa, mwambie nimekuja kununua chumvi.