Jirani Yangu Ana Furaha Kupita Kiasi

Nina jirani mwenye furaha, na sijui nikamshitaki wapi. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia kelele za muziki anaziweza, ng'ombe walioingia shambani anawaweza, hata ugomvi wa mpaka wa kiwanja anauweza. Lakini mtu kufurahi tu, kwake, na familia yake, hilo hana pa kulishika.

Bwana huyu alihamia mtaani kwetu, hapa Chanji, na mkewe, watoto na mama yake mzazi, wakitokea Katumba kule Mpanda. Ni wale tunaowaita Watanzania wapya. Wazazi wake walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapokelewa Katumba makazi yalipofunguliwa mwaka 1973, na yeye akazaliwa humohumo. Mwaka 2014 walikabidhiwa vyeti vya uraia pamoja na wenzao wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, jumla yao zaidi ya watu 160,000. Basi, mtu kishapata nchi nzima mkononi, nchi yenye Moshi, yenye Tanga, yenye Bagamoyo na minazi yake, akakaa akafikiri, akachagua Sumbawanga. Kwa hiari yake, na akili zake timamu.

Kwa usiyejua uzito wa jambo hilo, ngoja nikueleze. Mtumishi wa umma akifungua barua ya kupangiwa kituo akakuta imeandikwa Sumbawanga, nyumba yao inageuka msiba. Mama anaingia kwenye maombi ya kufunga, mjomba anatafuta mtu anayemjua mtu wizarani, na mwenyewe anaanza ghafla kuumwa ugonjwa usiotaka baridi. Nchi hii karibu yote inaamini kwamba radi zinatengenezwa hapa kwetu na kutumwa popote kwa oda. Mimi nimezaliwa hapa. Umeme wa tokeni wenyewe unanishinda. Ningekuwa na radi ya bure ningeiacha iende Dar es Salaam?

Sasa huyu jirani hakuja na maombi ya kufunga. Alikuja na magodoro, majembe na mama yake.

Tuanze na baridi. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi ukiwa na hasira za kifamilia. Miezi hiyo mimi huvaa sweta mbili, koti juu yake, na kofia ya sufu ambayo mke wangu ameniomba nisiingie nayo kanisani. Alfajiri moja namkuta jirani amesimama uani kwake na shati la mikono mifupi, amefungua madirisha yote, anavuta pumzi kwa pua kama anayepima mchuzi.

"Kaka," ananiambia, "hewa hii ungeipata wapi?"

Nikamwambia ningeipata ndani ya friji. Akacheka. Hilo ndilo linalonichosha: ukimtupia neno la kumuudhi, analichukua kama zawadi.

Halafu kuna suala la shamba. Sisi Wafipa tuna ntumba, na kama huijui, uliza wataalamu wa kilimo wakueleze wanavyoisifia. Mvua zikielekea kuisha, unalima nyasi na kuzifukia ndani ya vichuguu vya udongo. Nyasi zinaoza humo ndani, na juu yake unapanda maharage. Msimu unaofuata unakitawanya kichuguu chote, unapanda ulezi au mahindi. Mbolea umeipata bila kufika dukani. Ni urithi wa mababu zangu, na kwa kuuheshimu nimeuacha kwa mababu. Mimi hununua mfuko wa mbolea kwa mkopo, kisha nalaumu bei mwaka mzima.

Jirani alipofika akakodi shamba upande wa Ntendo, akaenda kwa wazee na chupa ya kimpumu ambayo yeye mwenyewe hainywi, maana ni Mpentekoste, akawaomba wamfundishe. Wazee, ambao mimi mjukuu wao wananiita wa mjini, walikwenda naye hadi shambani wakamwonyesha kwa mikono yao. Leo ukipita ile njia unaona vichuguu vimejipanga kama paredi ya Uhuru. Mke wangu alivitazama, akanitazama, akanyamaza. Ndoa yenye umri kama yetu haihitaji maneno.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu mambo yamekwenda kombo, mimi ndiye ninayekwenda kuazima jembe kwake.

Jikoni nako nimeshindwa. Mkewe alileta bakuli la maharage yaliyoungwa kwa mawese, kama wanavyoyapika watu wa huko Katumba na Kigoma. Tangu siku hiyo maharage yangu ya mafuta ya alizeti, alizeti ya Rukwa hii hii, yanaliwa nyumbani kwa adabu tu. Na Jumapili alfajiri, kabla kengele ya parokia haijalia, wao wanaimba. Baba besi, mama sauti ya kwanza, watoto wamegawana zilizobaki. Mimi ni Mkatoliki wa misa ya pili, na misa ya pili ina maana yake.

Lakini kero kubwa zaidi ni safari zao. Familia hii inatembea! Wamekwenda Kasanga kuona ziwa Tanganyika na kurudi na migebuka. Wamekwenda Laela, bila shughuli yoyote Laela. Wamepanda gari hadi maporomoko ya Kalambo, yale yanayoanguka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia, wakapiga picha wote sita na bibi yao katikati. Picha hiyo nilionyeshwa sebuleni kwao. Mkewe akaniuliza mimi nilipenda upande gani wa maporomoko. Nikajibu kwamba chai ilikuwa nzuri, maana kwenye maporomoko hayo mimi sijafika, wala baba yangu hakufika, na maji yenyewe hayajawahi kutulalamikia.

Siku moja nikamuuliza bibi, mama yake jirani, aliyekuwa kibarazani anachambua maharage: "Mama, hawa watoto wako mbona hawatulii nyumbani? Wanatafuta nini huko Laela?"

Bibi hakuinua macho. "Mwanangu," akasema, "sisi Katumba kutoka nje ya makazi ilikuwa kwa kibali. Kwenda Mpanda kuuza debe la mahindi, kibali. Kwenda msibani, kibali, na maiti hamsubiri mwenye kibali. Mume wangu alikufa vibali vyake vimejaa kwenye mkebe. Hawa waache waende Laela."

Nilikaa kidogo, nikamsaidia kuchambua. Kwa hiyo, kwa nyumba ile, safari ya bure kabisa, isiyo na sababu, ndiyo anasa. Mtu anapanda basi kwa sababu hakuna wa kumuuliza anakwenda wapi. Sisi wengine tuliozaliwa na ruhusa hiyo tumeitumia kukaa kijiweni Mazwi tukisema hapa hakuna pa kwenda.

Tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo niliponuna kweli. Cheti cha uraia cha jirani kimetundikwa ukutani ndani ya fremu, juu ya televisheni, mahali ambapo mimi nimeweka kalenda ya duka la vipuri. Na hakukipata kirahisi. Serikali iliwapa nafasi ya kuchagua mwaka 2007, kurudi Burundi au kuomba uraia, na kama asilimia 80 wakachagua kubaki. Mwaka 2010 maombi yakakubaliwa. Lakini vyeti vikasubirishwa, kwa sababu mpango ulikuwa watawanyike kwanza katika mikoa 16. Watu walioishi Katumba miaka karibu 40, wamezika wazazi hapo na kupanda miembe hapo, wakaambiwa wafungashe. Mazungumzo yakaenda hadi mpango ule ukalegezwa, na mwaka 2014 vyeti vikatolewa pasipo sharti la kuhama. Jirani yangu, alipohakikishiwa kwamba halazimiki kuhama, ndipo akahama. Nilimuuliza ni akili gani hiyo. Akaniambia, "Kaka, kuhamishwa na kuhama havilali kitanda kimoja."

Basi nikafananisha na karatasi zangu. Nilikwenda ofisi moja, jina lake naliacha, kufuatilia hati ya kusafiria. Kijana wa dirishani akatazama jina langu la ukoo, akaniuliza babu alizaliwa wapi. Nikasema Kalambo. Akauliza Kalambo upande gani. Jamani! Mpaka ule Wajerumani na Waingereza waliuchora wakati babu wa babu yangu yuko shambani. Watu wa majina kama yangu wako Matai na wako Mbala, na mpaka haukuwauliza. Nikatakiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha baba, mtu aliyezaliwa msimu wa nzige. Nilirudi nyumbani nikiwa Mtanzania wa kudhaniwa, nikapita mbele ya dirisha la mtu mwenye Utanzania wenye fremu.

Nikasema nitamnasa kwenye mpira. Septemba 2019, Taifa Stars na Burundi walikutana kuwania kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Bujumbura walikuwa wametoka sare ya 1-1. Marudiano Uwanja wa Taifa, nikaenda kwake kutazama, na ukweli ni kwamba nilikwenda kumtazama yeye. Nikamkuta na jezi ya Stars. Wimbo wa Taifa ulipopigwa akasimama, watoto wakasimama, wakauimba beti zote. Mimi ubeti wa pili huwa nafungua mdomo tu kama samaki wa Rukwa, nikitegemea sauti za wengine, na siku hiyo mtoto wake wa darasa la tatu alikuwa ananitazama midomo.

Ikawa 1-1 tena. Penalti. Stars wakashinda 3-0, na jirani akaruka hadi cheti kikayumba ukutani. Bibi peke yake alikaa kimya. Aliuliza tu waliokosa penalti ni watoto wa nani, wa mkoa gani kule. Hakuna aliyejua. Akasema, "Pole zao," akarudi jikoni. Jirani akapunguza sauti ya televisheni. Furaha yao ina chumba cha nyuma, nami nilikaa sebuleni nisiingie humo.

Ndiyo maana nimekasirika na watu wa kijiweni. Wiki hii mmoja wao, akiwa na kikombe cha kahawa ambacho hajalipia, kasema, "Yule mkimbizi wako amevuna sana mwaka huu." Mkimbizi! Nikamuuliza mkoa wa Rukwa ulianzishwa lini. Hajui. Nikamwambia mwaka 1974. Wazazi wa jirani yangu walikuwa Katumba mwaka 1973, na Katumba wakati huo haikuwa na mkoa wa Rukwa wa kuikaribisha. Yaani mkoa umewakuta. Mwaka 2012 Katavi ikakatwa kutoka Rukwa, Mpanda ikaenda nayo, wakahamia mkoa mwingine wakiwa wamelala vitandani mwao. Kuja kwake Sumbawanga, kwa hesabu hiyo, ni kurudi Rukwa.

Na tukianza kuulizana nani alikuja lini, hapa Ufipa tutaaibishana. Wazee wanasimulia kwamba pale Milanzi, pua na mdomo na mji wetu, palikuwa na mfalme. Wakafika wanawake watatu wageni, mfalme yuko mawindoni, wakakaribishwa wakae. Waliketi kwenye kiti chake, na ufalme ukahamia kwa Watwa, ukoo wao. Ndiyo historia yetu ya kujivunia: wageni walikaribishwa kukaa, wakakaa. Baada yao wakaja Wangoni wa Zwangendaba, ambao hawakuomba jembe la mtu, na Zwangendaba mwenyewe akafia hukuhuku Ufipa katika miaka ya 1840. Ukilinganisha na hao, jirani yangu ameimba Jumapili tu na kupika maharage.

Kwa hiyo wana kijiwe, tuelewane. Kumlalamikia jirani huyu ni haki yangu, maana mimi ndiye ninayeamshwa na besi yake na kupimwa na mke wangu kwa vichuguu vyake. Ninyi mnamjua kwa bei ya gunia. Mkitaka kumsema, semeni anaimba mapema, anaringia baridi yetu, anachosha kwa picha za Kalambo. Nitawaunga mkono na kahawa nitalipa. Lile neno jingine liacheni. Cheti chake kina namba, tarehe na sahihi. Mwenye kumpinga aje na cha kwake.