Usiku Luku Ilipokataa Namba

Nyumba ya mama mkubwa, Temeke, ina vyumba sita na mita moja ya Luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Wapangaji hununua umeme kwa mchango, na ukiisha mapema lawama humwendea fundi cherehani kwa pasi yake, au dada wa chumba cha uani anayegandisha barafu za ukwaju. Mita inajua uniti ngapi zimekwenda. Nani kazitumia, haijui.

Mwishoni mwa Novemba 2024 taa zilizima usiku, watu wanakula. Mchango ukapitishwa, binamu yangu akanunua kwa simu. Ujumbe ukaja na safu tatu za tarakimu 20. Kwa mazoea, akaingiza ya mwisho. Mita ikakataa. Akarudia, ikakataa. Dada wa barafu akaanza kulia, maana mzigo wa kuuza shuleni kesho yake ulikuwa unayeyuka. Fundi akasema waziwazi kwamba hela imeliwa. Yakafufuliwa ya tangu Ramadhani: nani hakuchanga, nani huacha redio ikilia hadi alfajiri. Mama mkubwa, mwenye mtoto wa jicho, alishika tochi akiwasihi wanyamaze.

Aliyeokoa usiku ule ni binti wa fundi, mwanafunzi wa darasa la sita. Alisoma ujumbe wote kuanzia juu, akaingiza safu moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake. Taa zikawaka.

Safu mbili za kwanza hazikuwa umeme, zilikuwa za kuibadilishia mita ufunguo wake wa siri. Kila tokeni ya umeme, yaani safu ya tarakimu inayoleta uniti, hubeba alama ya dakika ilipotengenezwa, ikihesabiwa tangu Januari 1, 1993, na kwa alama hiyo mita huikataa namba iliyokwisha tumika. Nafasi ya hesabu hiyo haizidi dakika milioni 16.8 hivi, nazo zilitimia Novemba 24, 2024. Mfumo huu, uliochipuka Afrika Kusini, umeenea nchi nyingi, na kote huko mita zilipaswa kubadilishiwa ufunguo ili zianze hesabu mpya, mojamoja. Mita zetu nyingi hazina mawasiliano na mtambo unaouza umeme, kwa hiyo kazi ya fundi mitambo ikamwangukia mteja. Ikamwangukia hata bibi asiyeona tarakimu kwenye simu.

Hilo linaniuma. Sasa tunaahidiwa mita janja, zinazopokea uniti zenyewe na kutoa taarifa hitilafu ikitokea. Nazitaka. Lakini mita ya namna hiyo inaweza kuzimwa na mtu aliyeketi ofisini, na kumbukumbu zake zitaonyesha saa tunazopika na saa tunazolala. Mama mkubwa ana haki ya kuelezwa hayo ana kwa ana kabla haijafungwa ukutani kwake, na akipata swali awepo wa kumjibu.

Fundi na dada wa barafu bado hawasalimiani. Dada amesema hachangi tena mpaka chumba chake kifungiwe mita ndogo, na mama mkubwa ameanza kuulizia bei.