Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya wa Lisbon

Mstahiki Meya,

YAH: SHUKRANI KWA KUTUTUNZIA DHAHABU YA KILWA

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mtu wa pwani ya Tanzania niliyeshinda jijini kwako nikitembea kwa miguu, bila haraka wala kiongozi wa watalii. Kodi ya wageni nimelipa, euro 4 kwa kila usiku, na nimelipa kwa moyo mweupe. Kwetu tumezoea Mreno ndiye anayekuja kudai. Sikujua kwamba hata nikimfuata kwake, anayedaiwa atakuwa mimi.

Nilianzia Belém, kando ya mto Tejo, kwenye vile vikeki vya maziwa na mayai vinavyookwa hapo tangu 1837. Vitamu kweli, hasa vikiwa vya moto na vimenyunyiziwa mdalasini. Mdalasini hauoti Lisbon, Mstahiki, lakini tuache hilo, mtu hahojiwi akiwa anakula.

Hatua chache mbele nikaufikia Mnara wa Uvumbuzi: mita 52, ulijengwa upya kwa zege na mawe mwaka 1960, na una sanamu 33 za wana wa mfalme, mabaharia, mapadri na wachora ramani, wote wakitazama majini kwa hamu. Nikazikagua moja baada ya nyingine nikimtafuta yule rubani aliyepatikana Malindi mwaka 1498, akamfikisha Vasco da Gama hadi Calicut, India. Hayumo. Naelewa, nafasi ilikuwa finyu. Halafu ingekuwa aibu kumweka mtu aliyekuwa anaijua njia kwenye mnara wa watu walioivumbua.

Ng'ambo ya barabara ipo monasteri ya Jerónimos. Hapo sina kejeli kwa dakika moja, ni jengo linalonyamazisha mdomo. Nguzo zimechongwa kamba za meli na majani, jiwe limelainishwa hadi unasahau kuwa ni jiwe. Mfalme Manuel I aliligharimia kwa ushuru wa takriban asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Karibu na mlango amelala da Gama mwenyewe, viganja vimeunganishwa kwa sala. Nilimtazama sana. Uso wake ni wa mtu asiyedaiwa na yeyote.

Kisha nikaufuata mto, mguu mosi mguu pili, hadi Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Humo ndimo ilimo mali yenyewe: monstransi ya Belém, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kirefu kupita kidogo sentimita 70, chote dhahabu na rangi za kung'aa. Mitume 12 wadogo wamepiga magoti kwa duara, kila mmoja na joho lake, nyuso zimeinuliwa. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente, na sonara huyo alikuwa fundi haswa.

Lakini nenda chini, Mstahiki, kwenye kitako chake. Maneno yamezungushwa hapo kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Kodi yenyewe da Gama aliipata mwaka 1502, alipomtishia mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, kwa mizinga. Mwaka 1505 akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, mji ukaporwa. Nimewahi kusikia habari za wezi wengi, ila mwizi anayeandika risiti, akaichonga kwenye dhahabu, akaiweka kanisani, huyo ni wa pekee. Nawapongeza kwa utunzaji wa kumbukumbu. Sisi ofisini kwetu faili la mwaka jana halionekani.

Nikiri pia, kwa haki, kwamba Kilwa haikuwa na mgodi. Dhahabu ilitoka bara, upande wa Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala. Sisi tulikuwa madalali. Wenye mgodi nao wana haki ya kuandika barua yao.

Mtaa wa Alfama na vilima vyake nilivipitia jioni. Magoti yangu yatatoa taarifa yenyewe.

Sasa ombi. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, miaka 2 kabla ya Jerónimos yenu, kwa hiyo hadhi ya kupokea wageni wakubwa tunayo. Tunaomba monstransi hiyo ije Kilwa mwaka mmoja tu, watoto wa shule waione na wasomewe kilichoandikwa kitakoni. Ulinzi tutatoa, risiti tutaandika. Nauli ya kuileta mtoe nyinyi, Mstahiki, maana ile ya kuipeleka Lisbon tulilipa sisi.

Wako mtiifu,
Mtalii kutoka pwani

Nakala: Wananchi wa Zimbabwe, kwa taarifa.