Sledi, Friza na Unga wa Ulezi wa Mama Mkwe

Ugomvi wa sledi nyumbani kwetu ulianzia gereji, siku tulipoambiwa sensa imekufa.

Sledi ndivyo watu wa hapa Duluth, kaskazini mwa Minnesota, wanavyoiita pikipiki ya theluji: mbele ina miguu miwili ya kuteleza, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaochimba theluji, na mafuta unayavuta kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Yetu mume wangu, Baba Neema, aliinunua kwa mzee jirani aliyechoshwa na baridi. Alitaka awe anakwenda na wenzake wa kanisani kuvua samaki kwenye barafu, na siku nyingine apite ile njia ya North Shore inayotoka hapa hadi Grand Marais. Ni ya injekta, haina kabureta. Msimu ulipoanza, kebo ya mafuta ikawa inakwama kwa sababu maji yaliingia ndani ya ala yake yakaganda. Tukaipeleka ibadilishwe. Ikarudi na kebo mpya na ugonjwa mpya: ukiiwasha inanguruma juu kwa juu, haitaki kushuka. Mafundi wakasema kebo ni nzima, kilichoharibika ni sensa inayosoma mkao wa akseleta, na mpya itatugharimu zaidi ya dola 200.

Hapo nyumba ikagawanyika. Baba Neema alitaka tulipe yaishe. Mdogo wake, shemeji yangu, aliyeendesha bodaboda Makambako kabla ya kuja huku, alisema apewe bisibisi tu, injini ni injini. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Njombe kuona wajukuu, alitaka mlango wa banda la gari ufungwe, baridi isiingie jikoni. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mashine ya kando ya kitanda ikionyesha namba ya ajabu, namtazama mgonjwa kwanza, kisha waya uliobandikwa kifuani, ndipo nifikirie kuilaumu mashine. Nikasema sledi nayo tuitazame hivyo hivyo. Hakuna aliyenisikiliza.

Jumamosi asubuhi Baba Neema akafungua mlango wa banda, maana moshi wa injini ndani ya chumba unaua, akaiwasha ili mdogo wake aisikie. Mashine hizi hazina gia ya kukanyaga. Klachi inajibana yenyewe kufuata mzunguko wa injini. Kwa nyingi, sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa hujavuta mafuta, ni kama mizunguko 1,500 kwa dakika. Ikipanda ikapita 3,000 na kitu, klachi inaubana mkanda wake wa ndani, siyo ule wa kuchimba theluji, na sledi inaondoka, uwe umeivuta au hujaivuta. Yetu ilipita. Ikateleza kwenye saruji, ikapasua kifuniko cha friza, mguu mmoja ukaingia chini ya rafu na rafu yote ikalala. Juu ya rafu kulikuwa na ndoo ya unga wa ulezi ambao mama mkwe aliubeba kutoka Njombe, akiupakata ndege hadi ndege kwa ajili ya uji wa Neema. Wote ukamwagika kwenye maji ya theluji iliyoyeyuka. Baba Neema akachomoa kamba ya usalama, injini ikazima. Watoto walikuwa ndani, namshukuru Mungu.

Mama mkwe alitokea mlangoni, akautazama unga, akamtazama mwanawe. "Mwanangu, hiki chombo kinakusikia?"

Tulipokuwa tunafagia akaniuliza ni nani aliyewaza kutengeneza kitu kama hiki. Nikamweleza habari za Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Quebec. Mwaka 1934 mtoto wake wa miaka 2 aliugua, theluji ikawa imefunga njia, hakufikishwa hospitali akafariki. Mwaka 1937 baba huyo akapata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mkanda wa mpira, akaunda magari ya kubeba watu theluji ikiwa imejaa, na mwaka 1959 ikatoka Ski-Doo, ndogo kama hii yetu. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema basi itengenezwe vizuri, siyo kwa kubahatisha.

Lakini usiku huo, nikiwa kazini, shemeji alibahatisha. Kwenye kabureta anajua kazi: sailensa ikiwa juu unalegeza skrubu, unasikiliza, basi. Alilegeza skrubu ya sailensa mpaka mwisho, na injini haikushuka hata kidogo. Akahitimisha kwamba gereji ilisema kweli, akalegeza skrubu mbili za sensa, akaizungusha mpaka namba kwenye mita ikalingana na ile ya kwenye kitabu. Asubuhi sledi ilikuwa bado inanguruma, na sasa ukivuta mafuta inakohoa.

Kukohoa huko kulinitisha kuliko kunguruma. Sensa hii ina nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5, mmoja ni wa ardhi, na wa tatu unarudisha volti kwa kompyuta kulingana na kipepeo kilivyofunguka, yaani kile kibati cha mviringo kinachoachia hewa kuingia kwenye injini. Kompyuta ya sledi kama yetu haikioni kipepeo. Inachukua namba ya sensa na mzunguko wa injini, inapima mafuta. Ukiishusha namba huku kipepeo kiko wazi, hewa inaingia nyingi na mafuta machache, na injini ikikosa mafuta ya kutosha inapata joto mpaka pistoni inaweza kutoboka. Kuilazimisha sensa ionyeshe namba nzuri ni kuificha homa.

Skrubu ya sailensa ndiyo iliyokuwa imetoa jibu usiku ule. Kama umeilegeza yote na injini haishuki, basi siyo skrubu inayokizuia kipepeo kisifunge. Kuna kitu kingine kinakivuta. Tuliinua sehemu ya nyuma kwenye stendi, mkanda ukaning'inia, hakuna mtu nyuma yake, nikamwomba shemeji aiwashe na kuzungusha usukani taratibu. Kulia, hakuna kitu. Kushoto, injini ikapandisha sauti. Baba Neema akaizima, akamulika tochi: kebo mpya ilikuwa imepitishwa upande usio wake wa nguzo ya usukani, na kirekebishi chake kimefunguliwa hadi mwisho. Kebo ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Shemeji, mimi nimegusa mahali sipo," alisema. Nikamwambia ashike spana, kazi bado.

Tuliirudisha kebo njia yake na kuilegeza kabisa. Skrubu ya sailensa ilikuwa haigusi, kwa hiyo kipepeo kikafunga hadi mwisho; nilikisikia kikigonga, tik. Hapo ndipo namba ya sensa inakuwa na maana. Nilichukua pini mbili za kushonea, nikazipenyeza kwa nyuma ya plagi kwenye waya wa tatu na wa ardhi, nikazishikisha ncha za mita, umeme ukafunguliwa. Kwa sledi nyingi usomaji kipepeo kikiwa kimefunga ni chini ya volti 1, lakini kila moja ina namba yake kwenye kitabu, siyo ya kuazima kwa jirani. Shemeji alizungusha sensa kidogo sana, mimi nikimsomea. Ukikaza skrubu namba inahama, kwa hiyo analegeza, anarudi, anakaza tena. Alipotulia kwenye namba ya kitabu tukavuta mafuta hadi mwisho: volti zilipanda bila kuruka, zikashuka bila kukwama. Sensa ilikuwa nzima muda wote.

Baada ya hapo tukarudisha skrubu ya sailensa, kisha kebo, tukiiachia nafasi ya milimita chache kwenye kitufe cha kidole gumba kabla haijaanza kuvuta. Tukaiwasha. Usukani kulia, kushoto, sauti haikubadilika.

Jumatatu Baba Neema aliichukua risiti akaenda gereji. Walirudisha pesa ya ufundi, ya kebo wakakataa, na kuhusu kifuniko cha friza walisema hawahusiki. Mama mkwe ameshampigia dada yake Njombe, unga mwingine utakuja na mtu wa kanisani mwezi ujao. Kuhusu mahali pa kuuweka ameshatoa amri: chumbani kwake.