Bodi Yenye Walakini

Miongoni mwa vitu ambavyo binadamu wa zama hizi huvinunua bila ya kuvielewa, sioni kinachomdhihaki mnunuzi wake kama bodi ya kompyuta ya mtumba; kwani gari la mtumba hulia, saa ya mtumba husimama, na suruali ya mtumba huonyesha kiraka chake hadharani, lakini bodi hukaa kimya katika mfuko wake, imepanguswa ikapangusika, na aibu yake imejisitiri chini ya kifuniko cheusi cha plastiki kisichozidi upana wa vidole vitatu.

Kompyuta yangu ya mezani, ambayo kwayo majirani zangu wa Kibokoni, Mombasa, huchapiwa barua za maombi, kadi za harusi na nyasia zao, ilipofariki katikati ya barua ya mtu, fundi aliipima akahukumu kwamba bodi imekufa ilhali prosesa ingali hai, na kwamba prosesa hiyo haikubali kukaa ila katika soketi 1155, iliyotoka mwaka 2011 na ambayo siku hizi aghalabu haipatikani ila ya mtumba. Basi ikanipasa kuingia vichochoro vya Mwembe Tayari, katika duka ambalo jina lake nalisitiri, nikauziwa bodi kwa shilingi 3,500 na kijana mwenye adabu nyingi na haraka nyingi zaidi, aliyeniambia, "Mali ya Dubai hii, mzee wangu, hata kifuniko hakijaguswa," kisha akanikatia risiti yenye muhuri wa buluu usemao kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Yafaa nieleze hapa ni kitu gani kilichokuwa chini ya kifuniko, kwa sababu kesi yote ilisimama juu yake. Zamani pini zilikuwa tumboni mwa prosesa, na soketi ikawa na vitundu vya kuzipokea. Mtu akipinda pini, alikuwa ameiharibu prosesa. Mwaka 2004 Intel, kwa soketi yao ya 775, waligeuza mambo: prosesa ikabaki na vituo bapa vya dhahabu, na pini zikahamia kwenye bodi. AMD walikaa na desturi ya kale katika kompyuta za kawaida za mezani mpaka 2022, nao wakahama. Sitaki kumdhania mtu vibaya, lakini naona kwamba pini zilipohama, lawama nayo ilifunga mizigo ikahama nazo. Katika soketi yangu pini hizo ni 1155, na kila moja ni springi nyembamba iliyoinama upande uleule wanaoinama wenziwe, mfano wa maamuma katika safu; na ikiwa mmoja amemtangulia imamu kurukuu, au amemwegemea jirani yake, umeme haupiti upaswapo kupita, au unapita usipopaswa.

Usiku ule mpwa wangu aliiweka prosesa, akafunga feni, akaunganisha umeme. Feni ikazunguka, ikasita, ikazunguka tena, ikasita, na kioo kikabaki cheusi. "Mjomba," akasema, "hii haitaki." Tukaitoa prosesa, nikaleta lenzi yangu ya kusomea, na katika pembe moja ya soketi tukaziona pini nne zimelala, mbili kati yake zimeshikana kama watu waliogombana kisha wakapatana. Hayo yalidhihiri wali ukiwa mezani, tukala, tukalala.

Asubuhi muuzaji aliitazama bodi kwa muda wa kupepesa jicho, akasema kwa upole, "Mzee, hizi zimepindia kwako," kisha akauelekeza ukucha wake kwenye muhuri wa buluu. Mpwa wangu, ambaye amesoma, alinikumbusha kwamba nchi hii ina sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012, na kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Nikakiri kwamba ni maneno mazuri. Lakini ujira wa wakili wa kuyasema mbele ya hakimu ungeninunulia bodi za kutosha kufungulia duka. Kwa Kadhi nako hakuendeki, maana Kifungu cha 170 kimemwachia mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, na pini, hata zikishikana vipi, hazijawahi kuoana.

Basi nikaipeleka kesi barazani baada ya alasiri, mbele ya maalimu wetu anayesomesha Minhaj, kitabu cha sheria cha Imamu Nawawi, aliyefariki 1277 bila ya kuona kompyuta. Na hapa ndipo nilipostaajabu, kwa kuwa kitabu kile kilichotungwa kwa ajili ya watu wa ngamia na punda kiliijua bodi yangu kuliko risiti yake ilivyoijua.

Maalimu alianza na muhuri. Akasema kwamba muuzaji anayejivua dhamana ya aibu zote, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, hasalimiki ila na aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, kwani mnyama hula, huugua na huficha, kisha akaigeuzageuza bodi mkononi, akauliza kwa utulivu, "Hii inakula?" Baraza likakubaliana kwamba haili, na muhuri ukaanguka.

Lakini mzee mmoja mpinzani, asiyekosa barazani wala asiyekubaliana na mtu, akatoa hoja kwamba khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu chenye kasoro, ni ya papo hapo, na mimi nililala nayo usiku kucha. Maalimu akajibu kwamba aliyeigundua aibu hali anakula ana ruhusa amalize, na aliyeigundua usiku ana ruhusa mpaka kupambazuke. Nami nilikuwa na udhuru wote wawili, wa wali na wa usiku. Mpinzani hakushindwa. "Mbona feni imebaki juu ya bodi mpaka asubuhi?" akauliza. "Aliyemwachia mnyama tandiko lake baada ya kujua aibu, haki yake ya kurudisha imekwenda!" Hili lilikuwa zito. Baraza lilinyamaza, kahawa ikapoa, mpaka mpwa wangu alipoeleza kwamba feni aliifungua, na kilichobaki ni miguu yake minne tu ya plastiki. Ikaamuliwa kwamba miguu si tandiko.

Likabaki swali kuu, nalo ni aibu ilizaliwa kwa nani, kwangu au kwake. Na katika hilo, nilisikitika kusikia, husadikiwa muuzaji akila yamini. Tukaenda dukani sote, mpinzani akiwa mbele. Kijana alipomwona maalimu alisimama akambusu mkono, kwani alisoma chuoni kwake na mgongo wake ulikuwa haujasahau. Akaelezwa kwamba kesi ni yake, aape tu kwamba bodi ilitoka dukani ikiwa salama, nasi tuondoke. Kijana akaitazama soketi, akamtazama maalimu, akasema, "Maalimu, nitaapaje, nami kifuniko sikukifungua?"

Tukasuluhishana kwamba bodi ipelekwe kwanza kwa fundi wa simu wa duka la jirani, mwenye hadubini, kisha ipimwe fidia kwa kadiri ya aibu itakayosalia. Fundi alitumia ncha ya sindano na kalamu ya risasi ya kubonyeza iliyotolewa risasi yake, ambayo tundu lake huimeza pini na kuisimamisha bila ya kuivunja shingo. Akawa anashusha pumzi baada ya kila pini, na mpinzani anashusha naye. Tatu zilisimama. Ya nne ilikatika, na ilikuwa miongoni mwa zile zinazoipelekea habari nafasi ya ramu ya pili. Nafasi hiyo ikafa, kompyuta ikawaka kwa iliyobaki. Kijana akanirudishia shilingi 1,000 kwa simu, akamlipa fundi mwenyewe, na kwa hiari yake akaufuta muhuri kwenye risiti yangu kwa kalamu, ingawa nilipopita juma lililofuata nilimkuta anaupiga kwenye risiti ya mwingine.

Barua, kadi na nyasia zimerudi kuchapwa, polepole kidogo. Mimi nakusudia kupata kompyuta mpya, na bodi hii naiuza kwa shilingi 2,000, pamoja na kifuniko chake. Atakayeitaka na aje baada ya alasiri. Aibu zake nimezitaja zote hapo juu, kwa hiyo khiyari hana.